Kuta za Kukwea Ukumbini
Seattle, Marekani, mwaka 1987, ukumbi wa biashara wa kukwea ulifunguliwa, mawe yakiwa yamegundishwa ukutani. Hayakuhamishika; mteja akishaizoea njia, hakuwa na sababu ya kurudi. Vishikio vya plastiki vya kufungwa kwa bolti vilibadili biashara hiyo. Fundi hupanda, huvilegeza kimoja kimoja, huvipanga upya, mara nyingi kwa rangi zinazoonyesha ugumu wa njia, na mteja hurudi na kukuta fumbo jipya. Fundi huyo anastahili pongezi kuliko mwenye jengo, kwa kuwa kumbi hushindania wateja hasa kwa kazi ya mikono yake. Viatu vya kukodi na magodoro manene ya kuangukia hufuata baada ya kazi hiyo. Nchini Kenya, ukumbi wa namna hiyo, Climb BlueSky, uko Nairobi.