Askari wa Plastiki wa Mwalimu Ranft

Ipo rekodi ya Joe Ranft akiwa mbele ya ubao uliojaa michoro iliyobanwa kwa pini. Anaonyesha mchoro mmoja kwa sauti ya sajini, anahamia wa pili, na kwa dakika chache anautamba mkasa mzima wa askari wadogo wa kijani wa Toy Story. Filamu hiyo ilitoka Novemba 1995, filamu ndefu ya kwanza duniani kutengenezwa yote kwa kompyuta. Lakini hapo ubaoni kompyuta haina kazi. Kuna mtu, karatasi na sauti yake, kama bibi anayetamba hadithi baada ya chakula cha usiku.

Ranft alisoma CalArts, chuo cha sanaa cha California ambacho mwaka 1975 kilianzisha masomo ya katuni ili wakongwe wa Disney wawarithishe vijana ufundi wao. Mwaka 1980 Disney ikamwajiri. Baadaye alirudi chuoni hapo kufundisha kusimulia hadithi kwa michoro, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Pete Docter. Miaka michache mbele, mwalimu na mwanafunzi walikutana tena kwenye studio ya Pixar, wakaitunga Toy Story pamoja na John Lasseter na Andrew Stanton. Ajali ya gari ilimwondoa Ranft tarehe 16 Agosti 2005, akiwa na miaka 45. Filamu ya Cars, aliyoiongoza pamoja na Lasseter, ilitoka mwaka uliofuata ikiwa imetolewa kwa heshima yake.

Ukitaka kujua mwalimu kama huyu alikuwa na nini cha kufundisha, lichambue tukio la wale askari. Ni siku ya kuzaliwa ya Andy, mtoto mwenye vitu vya kuchezea. Wanasesere wa sakafuni na rafuni wanaogopa kwamba zawadi mpya zitawatupa wao pembeni. Woody, kiongozi wao, anawatuma askari wa plastiki washuke sebuleni na kifaa kile ambacho wazazi hukitumia kumsikiliza mtoto aliyelala chumba kingine. Kipande kimoja kinashuka na askari, cha pili kinabaki juu.

Hapo ndipo penye ufundi. Kifaa hicho kinaigawa nyumba: walioko chini wanaona, walioko juu wanasikia tu. Sisi watazamaji tunahamishwa kati ya pande hizo mbili, na hofu inakua katika pengo lililo baina yao. Hakuna anayelazimika kutamka kwamba anaogopa kuachwa. Kila zawadi inapofunguliwa, tunawatazama walioko juu wakiinamia spika, na nyuso zao zinatosha.

Tazama pia mwendo wa askari wenyewe. Kila mmoja amegandishwa miguu kwenye kibao cha plastiki. Mchoraji mvivu angewabandua ili watembee vizuri. Hapa kibao kimebaki, wakawa wanajongea kwa kuruka na kuyumba, na wahuishaji walipigilia viatu vya michezo kwenye ubao, wakavivaa wajue mwili hufanyaje ukifungwa hivyo. Tena askari hawa ni wa rangi moja, sura haziwatofautishi. Utu wao lazima utoke kwenye tendo. Mama anafungua mlango ghafla, wote wanaganda, na mguu wake unamkanyaga mmoja. Akishapita, aliyeumia anataka aachwe wenzake waendelee, na sajini anakataa kumwacha. Tangu hapo tunamjali mtu wa plastiki asiye na jina.

Kisha zawadi ya mwisho, ile iliyofichwa kabatini. Sajini anaanza kuitangaza, na huko juu dinosau Rex, kwa wasiwasi, anaitikisa meza. Kifaa kinaanguka, betri zinaruka. Wanahangaika kuzirudisha, na sauti inaporejea, watoto tayari wanapanda ngazi. Woody hajui kilichomo, nasi hatujui. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua bora kuliko zote katika tukio hili: habari inakatika pale pale tunapoihitaji, tena kwa sababu ya woga wa wale wanaoihitaji zaidi. Bahati mbaya iliyozaliwa na tabia ya mhusika haionekani kuwa hila ya mtunzi.

Mambo kama hayo huwezi kuyapima kwa kuyawaza. Ndiyo maana michoro hubandikwa, ikatambwa mbele ya wenzako, kisha ikapigwa picha na kuunganishwa na sauti za muda kabla ya kazi ghali kuanza. Tarehe 19 Novemba 1993 wakubwa wa Disney walioneshwa Toy Story ikiwa katika hali hiyo, na Woody alikuwa mkorofi kiasi cha kuchukiza. Kazi ikasimamishwa, watunzi wakarudi kwenye karatasi. Ranft mwenyewe alikuwa hodari wa sauti hizo za muda. Ya kiwavi Heimlich katika filamu ya A Bug's Life iliwakolea wenzake hadi ikabaki kwenye filamu.

Mwaka 2009 Docter, yule mwanafunzi wa Ranft, aliongoza filamu ya Up. Mwanzoni mwake maisha ya ndoa ya Carl na Ellie yanapita kwa takriban dakika 4 bila neno kusemwa. Wanadunduliza sarafu kwenye chupa kwa ajili ya safari waliyoiota tangu utotoni. Tairi la gari linapasuka, chupa inavunjwa kwa nyundo. Carl anavunjika mguu, inavunjwa tena. Mti unaangukia paa, na nyundo inarudi mezani.