Skripti Inayookota Kila Kitu
Mradi wa C wenye faili mia unahitaji orodha. Make haijui cha kujenga mpaka iambiwe. Kuandika majina hayo kwa mkono kunachosha, ndiyo maana wengi wetu huishia na kaskripti: find inatafuta kila faili ya .c, sort inapanga majina, orodha inaingia kwenye Makefile.

Zilizoandikwa vizuri ni tamu kusoma. Zinatumia sh ya kawaida, bila mbwembwe za bash, kwa sababu tangu 2006 sh ya Ubuntu ni dash, na mengi ya bash haiyajui. Zinaweka LC_ALL=C kabla ya sort, ndio mpangilio usibadilike ukihamia mashine nyingine. Zinakwepa sed -i, maana ya Mac na ya Linux haziongei lugha moja.

Lakini zinaokota kila kitu. Yangu iliokota jaribio.c, faili niliyokuwa nimeisahau, na ndani yake kulikuwa na main ya pili. Programu huwa na main moja tu. Saa nane usiku, ujenzi ukagoma.

Automake haikubali nyota kwenye orodha ya faili, na waraka wa CMake unashauri usizikusanye kwa GLOB. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Kumbe orodha ni ahadi: hizi ndizo faili ninazosimamia.

Kwangu mimi, skripti bora huandika orodha, ikuonyeshe kilichobadilika, halafu ingoje useme sawa.