Kuhamisha mashine pepe bila kuizima: hesabu ya Arua na Koboko

Mashine pepe ni kompyuta kamili inayoendeshwa kama programu ndani ya seva, hivyo inaweza kuhamia seva nyingine huku watu wakiendelea kuitumia. Njia iliyozoeleka ilielezwa mwaka 2005 na Christopher Clark na wenzake wa Cambridge na Copenhagen, waliotumia Xen, programu ya kuendesha mashine pepe. Kumbukumbu yote hunakiliwa mashine ikiwa kazini. Kurasa za kumbukumbu zilizobadilika wakati huo hutumwa tena, raundi kwa raundi, na mabaki yakipungua vya kutosha mashine husimamishwa, yakavushwa, nayo ikaendelea upande wa pili. Seva ya mchezo wa Quake 3 ilisimama kwa milisekunde 60 tu.

Jaribio hilo lilifanyika kwenye mtandao wa gigabiti 1 kwa sekunde, seva zote zikitumia diski za pamoja. Kati ya miji ya Arua na Koboko nchini Uganda mambo ni mengine. Umbali wa kiasi cha kilomita 55 hauna uzito: mwanga ndani ya mkongo huukata kwa chini ya theluthi ya milisekunde. Mkongo wenyewe ulishapangwa. Mwaka 2017 kampuni za Facebook, Airtel na BCS zilitangaza ujenzi wa takriban kilomita 770 kaskazini magharibi mwa Uganda. Kinachoamua ni sehemu ya uwezo wa mkongo ambayo mteja ameilipia.

Chukua mashine iliyoko Arua yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 na njia ya megabiti 100 kwa sekunde. Raundi ya kwanza huchukua sekunde 640. Ikiwa kumbukumbu hubadilika kwa megabiti 20 kila sekunde, ya pili huchukua 128, kisha 26, 5 na 1, na kisimamo cha mwisho ni sekunde 0.2. Mabadiliko yakifika megabiti 120, raundi haziwi fupi na uhamisho haumaliziki kamwe.

Ndiyo maana dawa ya kwanza ni kupunguza kinachotumwa. QEMU, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, inaweza kutuma tofauti pekee za ukurasa uliokwisha kutumwa, na inaweza kupunguza kasi ya kichakataji cha mashine mpaka mabadiliko yazidiwe na njia. Watumiaji wataona uzito kwa muda, lakini kazi itakwisha.

Ipo pia njia ya kuiamsha mashine ng'ambo kwanza na kuvuta kurasa baadaye. Huo ni uamuzi wa hatari West Nile, eneo la Arua na Koboko, ambalo kwa miaka mingi umeme wake ulitegemea jenereta za kampuni ya WENRECO na bwawa dogo la Nyagak, lenye megawati 3.5. Umeme au njia ikikatika katikati, hakuna upande wenye kumbukumbu kamili, na mashine inaweza kufa. Kwa njia ya raundi, nakala ya Arua hubaki salama hadi dakika ya mwisho.

Pasipo diski za pamoja, diski ndiyo mzigo mkubwa kuliko yote. Gigabaiti 100 kwa njia ileile huhitaji zaidi ya saa mbili, kwa hiyo hunakiliwa mapema usiku, na siku ya uhamisho hufuata mabadiliko tu.