Anza Kutazama Kivulini

Ukipewa picha iliyopigwa kwa kamera ya mkanda, usianze na uso wa mtu. Usianze na anga. Tafuta mahali penye giza kuliko pote, chini ya mwembe, ndani ya mlango wa nyumba, chini ya ukingo wa kofia, kisha tulia hapo kidogo. Ukiona mguu wa kigoda, kuku aliyelala, mkono wa mtoto, ujue aliyepiga alijua anachofanya. Ukikuta pameziba kama masizi, hata kama uso umetoka vizuri, ni jua lililomsaidia.

Jicho hili nimelipata Iyolwa, huku Budama Magharibi katika wilaya ya Tororo, Uganda, na sidhani kama ningelipata kirahisi mahali pengine. Hatuko mbali na ikweta hata kwa digrii moja. Saa sita mchana jua liko utosini, mabati yanang'aa, barabara ya murram inawaka, na mihogo iliyoanikwa kando yake inaumiza macho kwa weupe. Lakini hakuna anayekaa juani saa hiyo. Wazee wako chini ya mwembe wamezunguka chungu cha malwa, pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake. Fundi baiskeli yuko barazani. Mwenye duka yuko ndani nyuma ya kaunta, na unajua yupo kwa kusikia sauti yake tu. Maisha ya kila siku hapa yanapita kivulini, na mpiga picha anayepima mwanga wa barabarani anarudi nyumbani na barabara.

Chukua mihogo hiyo hiyo. Mama ameinama anageuza vipande kwa kiganja, nyuma yake mlango wa nyumba uko wazi. Kipima mwanga cha kamera ndogo hakijui mihogo wala mtu, kinajua wastani tu. Kikiona weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, kinaubana, na unachopata ni mihogo ya kijivu, mama asiye na macho, na mlango uliogeuka shimo. Dawa ni kuidanganya kamera. Olympus Trip 35, iliyoingia sokoni mwaka 1967 na ambayo haihitaji betri kwa sababu kipimo chake cha seleniamu kinaendeshwa na mwanga wenyewe, ina pete ya kuiambia kasi ya mkanda. Una mkanda wa 400? Iambie ni 200. Itaingiza mwanga maradufu. Olympus XA ya mwaka 1979, kazi ya Yoshihisa Maitani, ina kiwiko kidogo chini ya tumbo lake kinachoongeza mwanga hatua moja na nusu. Mkanda wa negativu unavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua. Mihogo haitapoteza umbo lake, na uso utapata macho.

Ndiyo maana mtu anayejua huomba negativu kabla ya picha. Negativu ni kinyume: kilichokuwa cheupe kinaonekana cheusi, na kilichokuwa kivulini kinabaki kama plastiki safi. Ishike dirishani, usiipeleke juani. Tafuta ule mlango. Ukiona ndani yake mistari hafifu, ukungu wa rangi, dalili ya mguu wa meza, basi mwanga ulifika na habari imo. Ukiona plastiki tupu, isiyo tofauti na ile ya kingo zenye matundu, hakuna fundi duniani atakayeitoa habari ambayo haikuingia. Upande wa pili nao una mpaka. Kwa mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe, ilaze negativu juu ya ukurasa wa gazeti: kupitia sehemu nzito kabisa, pale kwenye mihogo, maandishi yanapaswa kusomeka kwa shida. Yasiposomeka kabisa, mwanga umezidi, au mkanda umekaa kwenye dawa muda mrefu mno.

Wengi hawafiki kwenye negativu. Wanaona picha ya karatasi, au siku hizi iliyotumwa kwenye simu, wanahukumu hapo. Basi wajue jambo moja kuhusu karatasi hiyo. Kuanzia miaka ya 1950, Kodak ilizipa maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, na mafundi wakaziita kadi hizo Shirley. Fundi alirekebisha mashine mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa, kisha akasafisha picha za watu wote kwa kipimo hicho. Msukumo mkubwa wa kuboresha rangi za kahawia haukutoka kwa wenye ngozi kama yangu. Ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, walioona bidhaa zao hazitofautishwi pichani. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana, katika miaka ya 1990. Kila ninapoona picha ya zamani ya arusi ambayo shela inang'aa na bibi arusi hana uso, naumia. Mpigaji hakukosea peke yake.

Mikanda ya leo ni bora zaidi, lakini mazoea ya mashine hayajaisha. Niliwahi kupeleka mkanda kwenye studio moja ya mjini. Nilipokwenda kuchukua picha, udongo wetu ulikuwa umekuwa wa machungwa na wazee wa malwa wamekuwa na nyuso za majivu. Mashine iliona weusi mwingi, ikaamua ni kosa, ikauinua. Hapa jicho linahitaji mazoezi, kwa sababu kivuli kilichoinuliwa na mashine kwa haraka haraka kinaweza kufanana na kivuli chenye habari. Tofauti ni hii: kivuli cha kweli kina weusi wake wa mwisho mahali fulani, labda chini ya kigoda au ndani ya kiatu, na kutoka hapo kinapanda polepole. Kilichoinuliwa hakina weusi popote. Kimetanda kijivu kama moshi, chembechembe zake ni kubwa, na ngozi inaonekana kama imepakwa vumbi. Kuhusu udongo, linganisha na tofali lililochomwa likaiva. Ukielekea kwenye chungwa, rudisha picha na useme.

Sasa malwa yenyewe, kwa sababu ndiyo picha inayopigwa sana huku na kuharibiwa sana. Kosa la kwanza ni flashi. Olympus mju-II ya mwaka 1997 ni kamera nzuri yenye lenzi kali ya milimita 35, lakini kila ukiiwasha inarudi kwenye flashi ya kujiwasha yenyewe. Usipokumbuka kuizima, utapata mrija mmoja mweupe mbele, wazee wanaofumba macho, na nyuma yao usiku uliozuka saa nane mchana. Kosa la pili ni madoa ya jua yanayopenya majani ya mwembe. Doa likiwa begani halina neno. Likiwa nusu ya uso, uso umekatwa vipande viwili, na mpigaji alipaswa kusubiri mzee asogee au yeye mwenyewe azunguke upande wa shina.

Baada ya hayo tazama wakati uliochaguliwa. Mirija ikiwa yote midomoni na macho yote kwenye kamera, hiyo ni picha ya kuagizwa, na ina heshima yake, lakini si ya kila siku. Katika picha bora kuliko zote nilizowahi kuona za malwa, kijana anamimina maji ya moto kutoka kwenye birika, mvuke umeanza kupanda mdomoni mwa chungu, na mirija miwili imeinuliwa kumpisha. Mzee mmoja ameshika mrija wake kwa vidole viwili kando ya shavu, hanywi, anasikiliza. Mkono wake uko kivulini, na bado unahesabu mikunjo ya vidole.

Swali la mwisho kwa picha yoyote ya namna hii ni hili: aliyepiga alisimama wapi? Kamera hizi zina lenzi ya milimita 35 au 40. Mtu akijaa kwenye picha, maana yake mpigaji alikuwa hatua mbili au tatu kutoka kwake. Huwezi kufika hapo Iyolwa bila kusalimia, kuulizwa unatoka kwa nani, na kukaa. Omba uone mkanda mzima, picha zote 36 kwenye karatasi moja, na utaisoma safari hiyo. Picha za kwanza ni za mbali. Zinafuata ambazo watu wote wanatazama kamera, watoto mbele. Kisha, ikiwa mpigaji amevumilia, kunatokea mbili au tatu ambazo kila mtu amerudi kwenye shughuli yake. Hizo ndizo. Mkanda wenye picha 36 za mbali, hata zikiwa na mwanga sahihi, naurudisha kwenye bahasha.

Busia, mji wa mpaka wa Kenya na Uganda, unafundisha somo hilo hilo kwa namna nyingine. Huku mpakani ndiko jina boda boda lilikozaliwa, pale wenye baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda wakiita boda, boda. Tangu 2018 kuna kituo cha pamoja kilichozinduliwa rasmi, na pikipiki zimechukua sehemu kubwa ya kazi. Mwenye kamera hapo aombe ruhusa kwanza, maana mpaka ni mpaka. Picha za boda zinazopigwa kwa mbali zinafanana zote: mgongo, magunia, vumbi. Moja ninayoihifadhi imepigwa karibu kiasi kwamba kichwa cha dereva kimekatwa. Imebaki kofia, kidevu, na kiganja chenye noti za Kenya na za Uganda pamoja, anazitenganisha kwa kidole gumba. Kiganja kiko chini ya kivuli cha kifua chake. Mpigaji angepima mwanga wa barabara, tungebaki na shati tu.

Hatukuanza sisi. Musa Katuramu, mwalimu wa Mbarara, alikuwa akipiga picha za watu nje, kwenye nyua na mashamba yao, tangu miaka ya 1930, na kazi yake sasa imechapishwa. Huko Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na aliyeingia humo aliupata mwanga uliokwisha kupangwa. Sisi wa kamera ndogo tuko upande wa Katuramu. Mwanga tunaukuta ulivyo.

Yule mama wa mihogo nilimpelekea picha yake miezi miwili baadaye. Niliipiga kwa Trip, pete ikiwa kwenye 200, na nilikuwa nimeridhika na macho yake na jinsi vipande vya mihogo vilivyobaki na kingo. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwa khanga ingawa haikuwa na vumbi. Hakujitazama. Aliweka kidole kwenye mlango ulio nyuma yake, ambako mimi nilikuwa nimeona ukingo wa kigoda na kitambaa tu.

"Huyu ni mama mkwe," akasema. "Alikuwa amekaa pale. Tulimzika wiki ile iliyofuata."

Nikainama kutazama. Kweli, juu ya kitambaa kulikuwa na goti, na juu ya goti mkono.

"Mwanangu, unaweza kuitoa tena? Iwe kubwa, upande huu wa mlango peke yake."