Adili na Mjeledi wa Usiku

Wako watu wazima wanaoona haya kukiri kwamba wangali wanapenda hadithi za majini. Haya hiyo haina msingi. Tolkien, katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha St Andrews mwaka 1939, alikana kwamba ngano za namna hiyo ni mali ya watoto hasa. Kwa Kiswahili ushahidi u karibu zaidi: Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichochapishwa mwaka 1952.

Mtoto akikisoma huridhika upesi. Majina yamekwisha kumtolea hukumu: Adili ni mwema, Hasidi na Mwivu ni waovu, na kugeuzwa kwao manyani ni malipo yao. (Mawaidha nayo ni mengi, pengine kupita kiasi.) Lakini msomaji yule yule akikirudia baada ya miaka thelathini hukwama mahali pengine. Kila usiku Adili huwapiga manyani wale kwa amri ya jini, ilhali moyo wake hautaki. Akiisha kuwapiga huwabembeleza na kuwalisha. Hapo majina hayasaidii tena. Je, mwadilifu anayetii amri ya kuwatesa nduguze angali mwadilifu?

Asili ya kisa hiki imo katika Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu hao hugeuzwa mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani, na badiliko hilo si dogo. Nyani ana vidole, na uso unaokaribia wa binadamu; Adili hana budi kuutazama kila ainuapo mjeledi.