Jezi Isomwayo: Tarihi ya Klabu ya Palestino

Aghalabu tarihi ya klabu ndogo ya mpira huandikwa kwa hesabu: mwaka wa kuundwa, vikombe, kupanda na kushuka daraja. Klabu ya Palestino ya mjini Santiago, Chile, haitoshelezwi na hesabu hizo, kwani vikombe vyake ni vichache. Kinachoipa haki ya kujadiliwa mbele ya wapenzi wa ushairi ni kwamba kwa zaidi ya karne moja imekuwa ikiingia uwanjani na utungo kifuani na mgongoni, na utungo huo unahakikika kama utungo mwingine wowote.

Walioiunda mwaka 1920 walikuwa wahamiaji wa Kipalestina. Wahamiaji hao wengi walikuwa Wakristo waliotoka Bethlehemu, Beit Jala na Beit Sahour. Walifika Chile na pasi za dola ya Uthmaniya, na kwa sababu hiyo wenyeji wakawaita turcos, yaani Waturuki. Hebu msomaji alipime jambo hilo: mtu anaihama dola, kisha ng'ambo ya bahari anabandikwa jina la dola ile ile. Jina Palestino, lenye maana ya Mpalestina, lilikuwa jawabu. Tena lilikuwa jawabu la watu waliokuwa wakijijua ni nani miaka 28 kabla ya 1948, na kwa hiyo wanaoisoma klabu hii kama tunda la mgogoro wa baadaye huanzia ubeti wa katikati. Rangi nazo zilifuata jina: nyeupe, nyekundu, kijani na nyeusi.

Ya uwanjani tuyapitie kwa haraka. Mwaka 1952 klabu iliingia katika mpira wa kulipwa na kutwaa daraja la pili. Mwaka 1955 ikawa bingwa wa Chile. Kwa kuwa ilisajili wachezaji wa bei kubwa iliitwa Millonarios, mamilionea, lakabu ambayo mimi naisikia ikiwa na sifa na husuda kwa pamoja. Ubingwa wa pili ulikuja mwaka 1978, beki mashuhuri Elías Figueroa akiwamo kikosini, katika kipindi ambacho timu ilicheza michezo 44 ya ligi bila kufungwa. Kisha ukame. Kombe kubwa lililofuata, Kombe la Chile la mwaka 2018, lilichukua miaka 40 kufika.

Katika ukame huo ndipo ulipotungwa ule utungo uliovuma kuliko yote. Mwanzoni mwa mwaka 2014 timu ilitoka na jezi ambazo tarakimu 1 ya mgongoni ilichorwa kwa umbo la ramani ya Palestina ya kabla ya 1948. Kwa ufundi, wazo lilikuwa zuri: ardhi ile ni nyembamba na imesimama wima, ikakaa mahali pa tarakimu bila kulazimishwa, kama neno lililopata kina chake. Lakini Wayahudi wa Chile walilalamika kwamba ramani ile haikuacha nafasi ya Israel, na usomaji wao haukuwa wa kubuni; ulikuwamo katika umbo lenyewe. Chama cha soka kilizipiga marufuku jezi hizo na kuitoza klabu faini ya dola zipatazo 1,300. Baadhi ya wachezaji wakaihamishia ramani mkononi, juu ya ngozi.

Sitaki kuwa hakimu wa faini. Nahukumu utungo, nao naona una kasoro mbili. Kwanza, ramani ilimwangukia mwenye tarakimu 1 tu: aliyevaa 11 aliibeba mara mbili, aliyevaa 7 au 9 hakubeba kitu, mfano wa shairi ambalo vina vimepatikana katika mishororo michache na kusahauliwa katika mingine. Pili, ilisema yote. Rangi na jina vilikuwa vimekwisha kulifumba jambo lile kwa miaka 94, na kila mtu alilifumbua kwa kadiri yake. Hata mchezaji wa Kichile asiye na babu wa Bethlehemu, na wengi ndivyo walivyo, aliweza kulivaa bila kuulizwa msimamo wake. Fumbo likifafanuliwa na mtungaji mwenyewe, wajibu wa msomaji hupungua.

Linganisha na lililofanywa mwaka 2024. Ni desturi wachezaji kuingia uwanjani wamewashika watoto mkono. Siku hiyo wachezaji wa Palestino waliingia bila watoto, mkono mmoja umenyooshwa kando kama ulioshika kiganja kisichoonekana, kwa ajili ya watoto waliouawa Gaza. Hapakuwa na ramani wala neno. Katika yote niliyoyasoma ya klabu hii sioni ubeti uliokamilika kuliko huo, na sidhani kama yupo mwenye kanuni ya kuutoza faini mkono mtupu. Ila ubeti huo unaegemea beti zote zilizoutangulia, tangu jina la mwaka 1920. Lau wangeufanya Colo-Colo, klabu kubwa ya mji huo huo, watazamaji wangedhani watoto wamechelewa.