Sifuri na Mstari

Kila nikimtazama kijana akiingiza data kwenye kompyuta, humkumbuka mzee mmoja, msaidizi wa utafiti katika kituo cha mlimani Amani, alivyokuwa akijaza daftari la mbu. Mtego uliokesha bila kunasa hata mmoja, aliuandikia sifuri. Mtego usiotegwa, au ambao taa yake ilizimika usiku wa manane, aliupigia mstari. Kabla ya kuandika aliuliza, "Taa iliwaka hadi alfajiri?" Aliyeulizwa akisitasita, mzee alipiga mstari. Kwake sifuri ilikuwa ushahidi: nyumba ile, usiku ule, mbu walitafutwa wakakosekana. Mstari ulikuwa kukiri kwamba hatujui. Alipotafuta wastani, aligawanya kwa usiku uliohesabiwa tu, kisha akajumlisha upya kutoka chini kwenda juu.

Ustadi huo ulikuwa na kwao. Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti mlimani hapo mwaka 1902. Miaka ya 1950 wakaingia watafiti wa malaria. Mwaka 1965 wawili kati yao, Gillies na Wilkes, walichapisha utafiti wa umri wa mbu wa Muheza, jirani na Amani, walioupata kwa kupasua mbu mmoja mmoja na kuzisoma ovari zake kwa hadubini.

Leo, kwa programu za kompyuta, wastani ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kwenye Excel unaandika fomula, SPSS unabofya menyu, Stata na R unaandika amri. Wengi huisifu SPSS kwa wepesi, na kwa anayeanza ni nyepesi kweli. Lakini tazama kila moja inavyoupokea mstari wa mzee, ambao humo huwa pengo. Excel huruka kisanduku kitupu kimyakimya. SPSS nayo huruka, ila huonyesha ni vingapi vilivyohesabiwa. Stata hulichukulia pengo kuwa kubwa kuliko namba yoyote. Ukiuliza ni usiku gani mbu walizidi mia, hata usiku usio na mtego utajitokeza. R, inayolaumiwa kwa ugumu, ndiyo inayogoma: hujibu NA, yaani haijulikani, mpaka uiamuru iyaache mapengo. Wanafunzi huona kero. Mimi nasikia humo swali lile la taa.

Kinachoniuma ni kwamba hata ukali huo hauokoi kitu ikiwa pengo lilijazwa sifuri kabla ya kufika kwenye kompyuta. Tunapokea majedwali yaliyojaa, tunayasifu kwa usafi, hatuulizi. Sifuri za uongo zikiongezeka wastani hushuka, na kijiji chenye mbu huonekana kimesalimika. Vyandarua huenda kwingine. Tunafundishana kubofya, lakini kusema "hapa hatukupima" hatufundishani tena, na waliojua kusema hivyo wanazidi kupungua.